Jinsi ya Kuifuata Metallica Ulaya Pamoja na Marafiki: Mwongozo Kamili

Kila majira ya joto ya Ulaya yanapokaribia, kuna marafiki wanne au watano mahali fulani Dar, Nairobi au Kampala wanaokubaliana kwamba safari hii lazima waione bendi ya roki ya Metallica kwa macho yao, tena zaidi ya mara moja. Wengi hawafiki. Na wanaokwama hukwama palepale: wamenunua tiketi kabla ya kujua viza wataiomba ubalozi gani, wamechagua miji iliyotawanyika kutoka Helsinki mpaka Madrid, au wamechanga pesa bila kuulizana kwamba mmoja akinyimwa viza itakuwaje.

Mwongozo huu unasimamia mambo matatu: miji michache, viza moja, na kufika kila mji siku moja kabla ya onesho. Nimechagua Metallica kwa sababu ratiba yao inamfaa sana mtu anayetoka mbali. Katika ziara ya M72, iliyoanza Amsterdam mwezi Aprili 2023, miji mingi mikubwa ilipewa maonesho mawili, kwa kawaida Ijumaa na Jumapili, na wimbo uliopigwa Ijumaa haukurudiwa Jumapili. Hata bendi za kutangulia zilibadilika. Unalala hoteli ileile, unaona maonesho mawili tofauti kabisa. Ukifuata bendi nyingine hatua ni zilezile, ila hakikisha kwanza kama nayo inafanya hivyo.

## Mahitaji

Vikusanyeni hivi kabla ya kununua chochote:

- Pasipoti ya kila mmoja, iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, yenye kurasa mbili tupu, na itakayodumu angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya.
- Taarifa za akaunti ya benki za miezi ya karibuni, barua ya mwajiri inayotaja likizo, au hati za biashara kwa aliyejiajiri.
- Bima ya safari inayolipa matibabu ya angalau euro 30,000 katika nchi zote za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja.
- Kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni ya nje ya nchi. Ijaribuni kwa kununua kitu kidogo, kwa sababu benki nyingi huifunga huduma hiyo mpaka uombe.
- Jedwali moja la hesabu ambalo kila mtu anaweza kulifungua kwenye simu yake.
- Vizibo vya masikio, jozi mbili kwa kila mtu.
- Pawabenki, viatu vilivyokwisha kuzoeleka mguuni, na koti jepesi la mvua.
- Muda. Miezi sita kabla ya onesho la kwanza ni mwanzo mzuri. Chini ya mitatu ni kujitesa.

Mnaoishi tayari Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen kwa kibali cha ukaazi, rukeni Hatua ya 3. Ila mnapovuka mpaka bebeni pasipoti na kadi ya ukaazi pamoja, kwa maana moja bila nyingine haitoshi.

## Hatua ya 1: Kubalianeni watu, kisha pesa

Wanne ndiyo idadi ninayoipendekeza. Wanne wanagawanyika vyumba viwili, wanaingia teksi moja, wanakaa meza moja kwenye treni. Watano huanza kulipia vitu vya ziada, na wanane hawawezi kuamua hata pa kula.

Mteueni mweka hazina mmoja. Kazi yake ni kuandika kila malipo siku yanapofanyika: nani kalipa, kalipia nini, kwa ajili ya nani. Nauli, malazi na bima viingie mfuko wa pamoja. Chakula, fulana za bendi na vinywaji kila mtu ajilipie. Ugomvi mwingi wa safari hizi huanzia kwenye bia ambayo mmoja hainywi lakini anailipia.

Kisha andikeni makubaliano, hata kama mmejuana tangu shule ya msingi. Ujumbe mmoja wa WhatsApp unatosha, kila mmoja akiujibu kwamba amekubali. Mfano:

*"Tumekubaliana: akinyimwa viza mmoja, waliobaki wataendelea. Tiketi yake itauzwa kwa njia rasmi na pesa itarudi kwake. Sehemu yake ya chumba ikishindikana kufutwa, tutaigawana sote. Atakayejitoa kwa hiari baada ya tarehe ya malipo atabeba hasara yake mwenyewe."*

Sababu ya kutofautisha kunyimwa viza na kujitoa ni kwamba la kwanza halimo mikononi mwa mtu. Msiwaadhibu marafiki kwa uamuzi wa afisa.

Umefaulu pale kila mmoja anapoweza kusema bila kufungua simu ni kiasi gani anadaiwa na tarehe ya mwisho ni lini.

## Hatua ya 2: Chagueni miji kwa ramani

Hapa ndipo safari huokolewa au huharibika, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Chukueni ratiba rasmi kwenye tovuti ya bendi, mweke tarehe zote kwenye ramani. Tuitumie ratiba ya 2024 kujifunzia. Munich ilikuwa tarehe 24 na 26 Mei, Milan tarehe 29 Mei, Vienna tarehe 1 Juni, Helsinki tarehe 7 na 9 Juni, Copenhagen tarehe 14 na 16 Juni.

Mtu mwenye hamu ataona miji mitano na kutaka yote. Angalia ramani tena. Munich, Milan na Vienna ziko kwenye eneo moja linalofikika kwa treni mchana mmoja kutoka mji hadi mji. Munich hadi Vienna ni kama saa nne. Baada ya hapo Helsinki inadai ndege, na Copenhagen inadai wiki nyingine ya malazi. Kwa mtu anayelipa kwa shilingi, kundi la kwanza linatosha: maonesho manne ndani ya siku tisa, bila kupanda ndege hata mara moja kati yake.

Sasa someni jina la uwanja, msisome jina la mji peke yake. Onesho lililotangazwa kama la Vienna mwaka 2024 lilifanyika Ebreichsdorf, takriban kilomita 30 kusini mwa jiji. Onesho la Milan lilikuwa kwenye uwanja wa mbio za farasi, La Maura. Aliyekodi chumba katikati ya Vienna akidhani atatembea kwa miguu alikuwa na usiku mrefu mbele yake. Kabla ya kuchagua mji, tafuteni jibu la swali hili: saa tano na nusu usiku, watu elfu hamsini wakitoka kwa pamoja, sisi tunarudije?

Chagueni mji mmoja wenye maonesho mawili uwe kitovu, kisha mwongeze mmoja au miwili ya jirani. Zaidi ya hapo mnaanza kuziona stesheni kuliko kuiona bendi.

Onyo. Uingereza na Ireland hazimo Schengen. London, Glasgow na Cardiff zinahitaji viza ya Uingereza, na Dublin inahitaji ya Ireland. Tena, viza nyingi za Schengen kwa waombaji wa mara ya kwanza hutolewa za kuingia mara moja. Ukitoka Berlin kwenda London, huwezi kurudi Frankfurt kwa viza hiyo. Kama London ndiyo ndoto yenu, fanyeni safari ya Uingereza peke yake. Uswisi, ingawa haimo Umoja wa Ulaya, imo Schengen, na Romania iliingia kikamilifu tarehe 1 Januari 2025, hizo msiziogope.

Umefaulu pale njia yenu inapochoreka kwenye ramani kama mstari mmoja usiojikata.

## Hatua ya 3: Viza

Ombi la viza ya Schengen linapelekwa kwa nchi mtakayolala siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, linapelekwa kwa nchi mtakayoingilia. Kanuni hii ndiyo huwaangusha wengi: wanaomba ubalozi wenye miadi ya karibu, afisa anahesabu malazi yao, anakuta sehemu kubwa ya usiku wao iko nchi nyingine.

Turudi kwenye mfano wetu. Mngefika Munich Alhamisi tarehe 23 Mei na kuondoka Jumatatu tarehe 27: siku nne Ujerumani. Milan mngelala tarehe 27, 28 na 29: siku tatu. Vienna mngelala tarehe 30 na 31 Mei na 1 Juni: siku tatu. Ombi linakwenda Ujerumani, na hesabu inaonekana wazi kwenye karatasi za malazi. Kama mngekata siku moja Munich, nchi zote tatu zingelingana kwa siku tatu tatu, na mji mnaoingilia ndio ungeamua.

Mambo ya kujua:

Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 lakini unaweza kufika siku 45. Kabla ya msimu wa likizo miadi ya kuwasilisha ombi huwa adimu, kwa hiyo tafuteni miadi kwanza, mkusanye karatasi huku mkisubiri. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na kituo kinachopokea maombi huongeza malipo yake ya huduma. Ukinyimwa, ada hairudi.

Si kila nchi inahudumia waombaji katika kila mji wa Afrika Mashariki. Kabla hamjaamua kitovu, ulizeni kama nchi hiyo inapokea maombi Dar es Salaam, Kampala au Kigali, au kama itabidi mwende Nairobi. Nauli na malazi ya kwenda kutoa alama za vidole ni sehemu ya bajeti.

Kila mmoja aombe kwa jina lake na pesa zake. Andikeni barua fupi ya maelezo, ile ile kwa wote isipokuwa sehemu ya kazi na familia. Semeni ukweli: tunakuja kutazama maonesho ya Metallica, hizi hapa tarehe, hivi hapa viwanja, tunalala hapa, tunarudi siku hii kwa sababu kazi inatungoja. Usiandike "utalii" halafu ukiulizwa dirishani ukataja bendi. Sababu ya safari inayoeleweka na yenye tarehe ni nguvu yenu, msiifiche.

Anayetazamwa zaidi ni yule asiye na ajira ya barua. Kama unauza nguo Kariakoo au una karakana, leta leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, na miamala ya simu na benki inayoonyesha fedha zikiingia mwezi hadi mwezi. Kiasi kikubwa kilichotua akaunti siku tatu kabla ya ombi kinaleta maswali kuliko kiasi cha wastani kilichokaa.

Mkiwa na ndugu Ujerumani anayetaka kuwagharamia, barua yake ya kawaida haitoshi. Anatakiwa kwenda ofisi ya wageni ya mji anaoishi kuchukua hati rasmi ya udhamini, na kwa kufanya hivyo anabeba wajibu wa kisheria wa gharama zenu. Muelezeni hilo kabla ya kumwomba.

Niseme na hili kwa wanaosita. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anaingia Afrika Kusini bila viza kwa ziara fupi, na bendi kubwa za roki hupita huko: Metallica yenyewe ilipiga Cape Town na Johannesburg mwaka 2013, na Green Day walipiga Johannesburg Januari 2025. Akitokea Kenya msafiri huhitaji cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kwa kundi linalosafiri kwa mara ya kwanza, hiyo ni ziara nzuri yenyewe, na mihuri yake husaidia ombi la Schengen baadaye.

Umefaulu pale unapoishika viza na kuthibitisha vitu vitatu palepale kwenye kaunta: tarehe ya mwanzo, idadi ya siku, na idadi ya kuingia. Makosa ya kuandika hutokea, na kuyarekebisha siku hiyo ni rahisi kuliko kwenye uwanja wa ndege wa Dar saa nane usiku.

## Hatua ya 4: Tiketi za onesho

Hapa pana fundo, kwa sababu tiketi huuzwa mapema sana, pengine mwaka mzima kabla, na viza haiombwi mapema hivyo. Mtalazimika kununua tiketi bila kuwa na uhakika. Kwa hiyo nunueni kwa njia ambayo mnaweza kuziuza tena kihalali.

Jiungeni na klabu ya mashabiki kwenye tovuti ya bendi. Uanachama ni bure, na wanachama hupewa nafasi ya kununua kabla ya umma. Wote wanne mjiunge, wote mwe mtandaoni siku ya mauzo, lakini anayefika mbele ya foleni anunue kwa wote. Anunue tu pale kiungo cha tovuti ya bendi kinapompeleka. Kila nchi ina wakala wake.

Anzeni na tiketi ya siku mbili kama inauzwa. Za siku moja moja huja baadaye, na mkizigawa mnaweza kupata Ijumaa mkakosa Jumapili.

Kusimama au kukaa? Jukwaa la M72 ni duara katikati ya uwanja, lenye seti nne za ngoma zilizopangwa kuzunguka duara hilo. Lars Ulrich huhama kutoka seti moja hadi nyingine, na wenzake huzunguka kila upande. Hakuna "mbele" moja. Kwa hiyo hakuna haja ya kulala nje ya geti tangu alfajiri. Aliye na tiketi ya kawaida ya kusimama ataiona bendi usoni kwa sehemu ya onesho, mgongoni kwa sehemu nyingine. Mashabiki walio ndani ya duara, eneo liitwalo Snake Pit, huwa karibu mno, na wengi hulipia hilo sana. Mimi ningetumia pesa hiyo kuongeza mji.

Kwa mwenye goti bovu au mwenye urefu mdogo, kiti cha ngazi ya chini ni bora kuliko kusimama saa sita akitazama migongo.

Onyo la walanguzi. Msinunue kwa picha ya tiketi iliyotumwa WhatsApp. Tiketi nyingi sasa ziko ndani ya programu ya wakala, na msimbo wake hubadilika kila mara, kwa hiyo picha haifunguki getini. Italia ni kali zaidi: kwa maonesho makubwa tiketi hubeba jina la mtu, na jina hilo linalinganishwa na kitambulisho. Andikeni majina kama yalivyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio uleule. Anayejulikana kwa wote kama Juma, na pasipoti inasema Jumaa, aandike Jumaa.

Mkikosa tiketi, sehemu salama ni ukurasa wa wakala huyohuyo wa kuuziana upya, ambapo tiketi ya zamani hufutwa na kutolewa mpya kwa jina lako. Zitazameni hasa wiki ya mwisho. Watu hupata dharura, na bei hushuka.

Umefaulu pale kila mtu ana tiketi yake kwenye simu yake mwenyewe. Tiketi nne kwenye simu moja ni watu wanne watakaobaki nje chaji ikiisha.

## Hatua ya 5: Malazi na nauli

Kodini vyumba vinavyoweza kufutwa bure, siku ileile mnayopata tiketi. Bei za vyumba hupanda mara ratiba inapotoka, na ubalozi utataka kuona pa kulala kila siku ya safari. Chagueni sehemu iliyo kwenye njia ya treni ya mjini inayopita uwanjani, hata kama iko vituo kumi mbali. Hoteli ya jirani na uwanja huuzwa kwa bei ya tamasha.

Kwa ndege ya kutoka Afrika Mashariki, pelekeni ubalozini oda ya nafasi ambayo haijalipwa, au tiketi inayorudishwa. Balozi zenyewe hushauri msilipe kabla ya viza. Kuingilia Munich na kutokea Vienna mara nyingi hakuna tofauti kubwa ya bei na kwenda na kurudi mji mmoja, na huwaokoa siku nzima ya kurudi nyuma.

Kwa treni, tiketi za kawaida zilizonunuliwa mapema zitawatosha kwa safari mbili au tatu. Pasi ya Eurail, tiketi moja ya treni za nchi nyingi kwa wasioishi Ulaya, huanza kulipa mkisafiri zaidi ya hapo. Na hata ukiwa na pasi, treni za kasi za Italia, Ufaransa na Hispania hudai ulipie kiti kando. Ujerumani na Austria kwa kawaida hazilazimishi. Kwenye mbao za stesheni mtasoma München, Milano na Wien, msishtuke.

Kanuni isiyovunjwa: msisafiri kati ya miji siku ya onesho. Treni huchelewa, na treni moja iliyokosa unganisho hula tiketi nne. Katika Umoja wa Ulaya ukichelewa kufika dakika 60 unaweza kudai asilimia 25 ya nauli, na ukichelewa dakika 120 asilimia 50. Ni haki yenu, daini, lakini nauli iliyorudi haifungui geti la uwanja.

Andikeni saa kama ratiba zao zinavyoandika, 20:30, kila mahali. Asije mmoja akaandika "saa mbili na nusu" na mwingine akafika alasiri.

## Hatua ya 6: Mpakani na siku ya kwanza

Bebeni kwenye mkoba wa mkononi: tiketi za onesho, malazi, bima, tiketi ya kurudi, na ushahidi wa pesa. Afisa wa mpaka anaweza kuomba chochote kati ya hivyo hata kama una viza. Oktoba 2025 mipaka ya Schengen ilianza kuhamia mfumo wa kielektroniki unaosajili kuingia na kutoka kwa picha ya uso badala ya muhuri. Siku zenu zinahesabiwa na kompyuta. Msizidishe hata moja.

Pawabenki ikae mkononi kwenye ndege, isiingie mzigo mkubwa. Nunueni bando la mtandao linalofanya kazi nchi zote mtakazopita, muliwashe kabla ya kutoka uwanja wa ndege.

Siku ya kwanza lala, kunywa maji, kisha nendeni mpaka kwenye geti la uwanja mchana. Mjue kituo cha kushukia, upande wa geti lenu, na njia ya kurudi kwa miguu.

## Hatua ya 7: Siku ya onesho

Kuleni chakula kizito mchana. Ndani bei ni kali, na viwanja vingi hupokea kadi pekee. Vikombe Ujerumani huwa na amana: rudisheni kikombe, amana inarudi.

Someni orodha ya vilivyokatazwa kwenye tovuti ya uwanja huo, maana hutofautiana. Kwa kawaida mkoba usizidi ukubwa wa karatasi ya A4. Mwavuli hauruhusiwi, ndiyo sababu ya koti la mvua. Usiku wa Juni huko unaweza kuwa na baridi ambayo fulana haiwezi.

Vizibo vya masikio vaeni kabla ya bendi ya kwanza. Shirika la Afya Duniani, katika kiwango chake cha 2022 kwa kumbi za muziki, liliweka kikomo cha wastani wa desibeli 100. Vizibo havikuharibii muziki: vinapunguza ukali na gitaa la Kirk Hammett linasikika likiwa limejitenga na besi ya Robert Trujillo. Anayekataa kuvaa Ijumaa huamka Jumamosi na mlio masikioni, na Jumapili hasikii nusu ya alichokilipia.

Chagueni sehemu ya kukutana iliyo *nje* ya uwanja, yenye namba: geti, nguzo, kituo cha basi. Mtandao hukatika watu wengi wakitoka pamoja. Kubalianeni mtasubiriana mpaka saa ngapi, na kwamba baada ya hapo kila mmoja anarudi hotelini.

Mkisimama karibu na jukwaa, duara la watu wanaogongana litafunguka, hasa nyimbo za kasi zinapoanza. Aliyeanguka anainuliwa papo hapo na aliye karibu naye, hata kama hamjuani, na utainuliwa vivyo hivyo. Usiyetaka kuingia, rudi nyuma hatua kumi tu na utakuwa salama.

Mtajua saa imefika mkisikia "The Ecstasy of Gold" ya Ennio Morricone kwenye spika. Wekeni simu mifukoni kwa wimbo wa kwanza. Mmetoka mbali, muone kwa macho. Katikati ya onesho Trujillo na Hammett huwa na desturi ya kupiga kipande cha wimbo wa mji au nchi wenyeji, na hapo utasikia uwanja mzima ukiimba kwa lugha ambayo huijui. Ni moja ya sehemu ninazozipenda kuliko zote.

Umefaulu pale mnapotoka wote wanne, mkiwa na sauti zilizokauka na masikio mazima.

## Hatua ya 8: Siku ya katikati

Jumamosi ni ya kupumzika na kununua. Ujerumani na Austria maduka mengi hufungwa Jumapili, kwa hiyo maji, matunda, dawa ya kichwa na soksi vinunuliwe Jumamosi. Maduka ya stesheni kubwa hubaki wazi, kwa bei ya juu.

Fulana za bendi mara nyingi huuzwa nje ya uwanja hata siku hii, na foleni yake ni fupi mno kuliko ya usiku wa onesho.

Kaeni pia na mweka hazina nusu saa, jedwali lifunguliwe. Deni dogo lililotajwa Jumamosi hulipwa; lilelile likitajwa baada ya wiki tatu huvunja urafiki.

Orodha ya nyimbo za Ijumaa itakuwa mtandaoni usiku uleule. Mkiisoma mtajua zipi hazitapigwa Jumapili. Katika M72, ikiwa "Master of Puppets" ilifunga Ijumaa, basi "Enter Sandman" mara nyingi ilibaki kufunga Jumapili. Wengine hupenda kushtukizwa. Muulizane kabla ya mmoja kuisoma kwa sauti.

## Mambo yakiharibika

*Onesho likiahirishwa:* tunzeni tiketi. Kwa kawaida hubaki halali kwa tarehe mpya, na wakala hutangaza muda wa kudai pesa kwa asiyeweza kurudi. Muda huo ni mfupi, wekeni kumbusho.

*Pasipoti ikipotea:* polisi kwanza, mpate hati ya taarifa, kisha ubalozi wa nchi yenu. Tanzania na Kenya zina balozi Berlin, na Uganda nayo ina ubalozi huko. Piga picha ya ukurasa wa kwanza na wa viza kabla ya kuondoka nyumbani, uitume kwa wenzako.

*Mmoja akiugua:* pigeni namba ya bima kabla ya kwenda hospitali, isipokuwa ni dharura. Namba ya dharura Ulaya yote ni 112, na simu hiyo ni bure.

*Mmekosa treni ya mwisho:* msitawanyike kutafuta teksi mmoja mmoja. Tembeeni pamoja kutoka kwenye umati kwa dakika ishirini au thelathini, kisha muite gari mahali ambapo linaweza kuwafikia.

## Hatua ya 9: Mkirudi

Ndani ya wiki moja mweka hazina afunge hesabu na kila deni lilipwe kwa simu siku hiyohiyo. Madai ya nauli za treni zilizochelewa yapelekwe mapema, mkiwa bado mna tiketi. Tunzeni pasipoti, tiketi na risiti za malazi kwenye bahasha moja: ombi lijalo mtaambatisha ushahidi kwamba mlikwenda mlikosema, mkalala mlikoandika, mkarudi kwa wakati, na hapo ndipo pa kuomba viza ya kuingia mara nyingi.